Hesabu ya Risasi: Resident Evil Kuanzia 1996 Mpaka Leo

Una risasi nane kwenye bastola. Mbele yako kuna korido nyembamba, mazombi wawili, na mlango kule mwisho. Ukiwaua wote wawili utapita bila shida, lakini risasi zitakwisha, na hujui nyuma ya mlango kuna nini. Ukiwakwepa utabaki na risasi zako, ila baadaye utarudi kwa njia hii hii, maana katika gemu hii kurudi ni lazima, nao watakuwa pale pale. Unasimama, unapiga hesabu, na mmoja wao ameshaanza kujikokota kukufuata.

Resident Evil, mfululizo wa gemu za kutisha za kampuni ya Kijapani Capcom, ilizaliwa katika hesabu hiyo. Wengi wakiusimulia mfululizo huu husimulia virusi, kampuni ya Umbrella na mazimwi ya maabara, na hadithi hiyo mimi naipenda kweli. Lakini nikizipanga gemu hizi zote, kuanzia 1996 mpaka leo, naona jambo moja linaloamua kama nitaogopa au la: je, waliozitengeneza wananilazimisha nihesabu? Walipoacha kufanya hivyo hofu iliondoka, hata pale walipoleta zimwi refu kama ghorofa.

Capcom waliitoa gemu ya kwanza Japani tarehe 22 Machi 1996, kwenye PlayStation ya kwanza, kwa jina la Biohazard. Marekani jina hilo halikuweza kusajiliwa, ndipo likapatikana jina la Resident Evil tunalolijua sisi. Aliyeiongoza kazi ni Shinji Mikami, kijana aliyekuwa ametoka kutengeneza gemu za Disney kama Aladdin na Goof Troop. Juu yake alikuwepo Tokuro Fujiwara, ambaye mwaka 1989 alitengeneza Sweet Home kwa ajili ya mashine ya Famicom: watu watano ndani ya jumba lenye mzimu, kila mmoja anabeba vitu vichache, na anayekufa harudi. Wazo la awali la Resident Evil lilikuwa kuichukua Sweet Home na kuifanya upya kwenye mashine yenye nguvu zaidi. Uhaba ulikuwemo tangu siku ya kwanza, kabla hata zombi hajachorwa.

Mashine nayo ilichangia. PlayStation haikuweza kulichora jumba zima la Spencer, ambamo hadithi inatokea, kwa pande tatu likiwa na ubora waliokuwa wanautaka, kwa hiyo kila chumba kikawa picha iliyotayarishwa mapema, na wahusika peke yao ndio waliotembea juu yake. Picha ikishachorwa kamera haiwezi kusogea. Mtindo huo walikuwa wameuona kwenye Alone in the Dark, gemu ya Wafaransa ya mwaka 1992, lakini Mikami na wenzake waliugeuza kuwa silaha. Unaingia koridoni, kamera iko juu kwenye kona, inakutazama wewe kutoka mbele. Unasikia nyayo zikiburuzwa. Ziko wapi? Mhusika wako anamwona zombi vizuri kabisa, yuko mita tatu mbele yake, na wewe unayeshika padi humwoni. Kufyatua risasi gizani ni kupoteza risasi. Kusonga mbele ili kamera ibadilike ni kujiweka mdomoni mwake. Hata milango iliyokuwa ikifunguka polepole kwenye skrini nyeusi, ambayo kazi yake ilikuwa kuficha muda wa mashine kusoma CD, ilikupa sekunde kadhaa za kujutia uamuzi wako.

Halafu kuna mfuko. Unachagua mmoja wa wahusika wawili: Chris Redfield anabeba vitu sita, Jill Valentine vinane. Bastola ni nafasi moja, risasi ni nafasi nyingine, majani ya dawa ni nafasi, ufunguo ni nafasi. Kusevu nako kuna bei yake: unahitaji kufika kwenye taipureta ukiwa na utepe wa wino, na tepe hizo zinahesabika. Nimewahi kusikia watu wakisema huo ni ukatili wa zamani ambao teknolojia imeuondoa. Sikubaliani nao. Utepe wa wino ndio uliofanya dakika ishirini zilizopita ziwe na thamani, kwa sababu ungeweza kuzipoteza.

Sisi tuliokua kwenye vibanda vya gemu tulikuwa na uhaba wa juu zaidi. Ulikuwa unalipia muda, na memori kadi ya kibanda, kama ilikuwepo, ilikuwa imejaa ligi za wakubwa za Winning Eleven, gemu ya mpira. Kwa hiyo jumba la Spencer tulilianza upya kila mara. Ukumbi ule wa ngazi, chumba cha kulia chenye saa kubwa, mbwa wanaopasua kioo cha dirisha, niliyajua haya kama ninavyoijua njia ya kwetu, na miaka mingi nilikuwa sijui kwamba chini ya jumba kuna maabara. Siwezi kusema Capcom walilipanga hilo, lakini liliendana na gemu yenyewe: kila hatua ilikuwa inalipiwa.

Resident Evil 2 ya mwaka 1998, iliyoongozwa na Hideki Kamiya, ilikuja baada ya toleo jingine lililokuwa limefika mbali kutupwa lote na kazi kuanzwa upya. Ilitutoa jumbani ikatuingiza kituo cha polisi cha Raccoon City tukiwa na Leon Kennedy na Claire Redfield, wawili ambao hadithi zao zinapishana. Ndani yake kuna stoo moja ya silaha ninayoikumbuka kuliko vita vyote vya mwishoni. Humo kuna bunduki ya rashasha na mkoba wa kuongeza nafasi. Mhusika wa kwanza akichukua vyote viwili, wa pili atakayekuja baada ya saa nyingi za mchezo atakuta stoo tupu. Unamwibia mtu ambaye utakuwa yeye kesho. Mwaka uliofuata gemu ya tatu ilileta Nemesis, zimwi linalokufuata hata nyuma ya milango ambayo zamani ilikuwa salama, na mwaka 2000 ikaja Code: Veronica kwenye mashine ya Dreamcast. Zote mbili nzuri, ingawa hazikubadilisha msingi.

Toleo ambalo kwangu ni kilele cha njia ya zamani ni lile la 2002, Mikami aliporudi kwenye jumba lile lile kwa ajili ya mashine ya GameCube. Alijua kwamba wachezaji wanalikumbuka kila kona, kwa hiyo akaishambulia kumbukumbu yenyewe. Zombi uliyemuua bila kumpasua kichwa wala kumchoma moto hakuisha. Baada ya muda anaamka akiwa mwekundu, ana kucha ndefu, na sasa anakimbia. Kumchoma kunahitaji mafuta ya taa, na mafuta hayo unayabeba kwenye chupa ndogo inayotosha maiti wachache, nayo inakula nafasi mfukoni. Ukiwa Jill, kiberiti nacho kinakula nafasi. Kwa hiyo hata ushindi ukawa deni. Unaangusha zombi kwenye korido unayojua utaipita tena mara nyingi, unatazama maiti, unatazama chupa, unajiuliza kama huyu anastahili mafuta au utayahitaji kule ghorofani. Sijaona gemu nyingine iliyofanya adui aliyekufa awe tatizo kubwa kuliko aliye hai.

Haikununuliwa kama walivyotarajia, na hilo lina uzito katika kilichofuata. Resident Evil 4 ilihangaika kwa miaka. Jaribio lake moja la mwanzo lilikwenda mbali sana na mfululizo mpaka likawa gemu nyingine kabisa, Devil May Cry ya 2001. Ilipotoka Januari 2005, kamera ilikuwa imeshuka kutoka kwenye kona ya dari ikakaa nyuma ya bega la Leon. Mazombi hawapo. Kuna kijiji cha Hispania, wanakijiji wenye mashoka na uma za shambani, na mwanaume mwenye gunia kichwani na msumeno wa injini mkononi. Huku kwetu wengi tuliipata kwenye PlayStation 2, ambako ilifika mwishoni mwa mwaka ule ule.

Hapa ndipo watu wa zamani wanapogawanyika. Wapo wanaosema hofu ilifia kijijini pale. Risasi zipo za kutosha, maadui wakifa wanaangusha nyingine, mfanyabiashara mwenye koti refu anakuuzia bunduki, na mfuko umekuwa sanduku la miraba ambalo kulipanga ni starehe. Yote ni kweli. Lakini Mikami hakuifuta hesabu, aliihamisha. Leon hawezi kutembea huku akilenga. Ukiinua bastola, miguu inaganda. Kwa hiyo unachokihesabu sasa ni ardhi na muda: wako kumi, wanakuja kwa mwendo wa kutembea kutoka pande tatu, nina sekunde ngapi kabla sijalazimika kushusha silaha na kukimbia? Nikimpiga huyu goti nitapata nafasi ya kumfikia na kumpiga teke litakalowaangusha na wawili walio nyuma yake, lakini nikifika pale nitakuwa katikati yao. Ndani zaidi, bila kukuambia, gemu inakupima: ukifa mara nyingi inapunguza ukali, ukifanya vizuri inaongeza. Gemu kubwa za miaka iliyofuata, Gears of War, Dead Space na nyingine nyingi, zilipanga kamera zao kwa kuiangalia hii.

Na walikuwa wanapiga kelele kwa Kihispania. Sikuelewa hata neno. Nilijua tu kwamba wanaambiana jambo juu yangu.

Nakaa hapo kwa sababu ya gemu iliyofuata. Resident Evil 5, ya Machi 2009, inampeleka Chris Redfield Kijuju, eneo la kubuni ambalo gemu yenyewe inaliweka Afrika Magharibi. Tangu video yake ya kwanza ya mwaka 2007 kulikuwa na mjadala mkali: mwanaume mzungu mwenye silaha, kundi la Waafrika maskini, risasi. Huko Marekani na Ulaya waliandika mengi kuhusu picha. Sisi tulikuwa na jambo jingine, la masikio. Wanaokushambulia wanaitwa Majini, na wanapiga kelele kwa Kiswahili.

Kwanza nilifurahi, nakiri wazi. Gemu kubwa ya Kijapani, yenye pesa nyingi, inauzwa dunia nzima, na watu wanaongea lugha yangu humo ndani. Furaha hiyo haikudumu, na sababu ya kwanza ni ya kimchezo tu. Kile Kihispania cha gemu ya nne kilikuwa ukuta. Nyuma yake ungeweza kuwaza lolote. Kiswahili hakikuwa ukuta kwangu. Nilisikia amri, nilisikia nani anaambiwa afanye nini, na mtu anayetoa amri unazozielewa ni jirani mwenye hasira, hawezi kuwa kitu kisichojulikana. Mchezaji wa Osaka au wa Chicago alipewa fumbo ambalo mimi nilinyimwa.

Sababu ya pili inauma zaidi. Kiswahili hakijafika Afrika Magharibi kama lugha ya mitaani, na yeyote aliyeuliza mtu mmoja angeambiwa hivyo. Kilichukuliwa kama sauti ya jumla ya Afrika. Na ndani ya hadithi kimepewa nani? Sheva Alomar, mwenzake Chris, mwanamke wa bara hili ambaye wazazi wake waliangamizwa na kazi chafu ya Umbrella, anaongea Kiingereza. Kapteni Josh Stone, askari mwema, Kiingereza. Kiswahili kimeachiwa wale waliopoteza akili zao. Hakuna hata mtu mmoja Kijuju ambaye unakutana naye akiwa mzima, akakuomba msaada au akakuonya kwa lugha hiyo. Baadaye unafika kwenye mabwawa, unakuta watu wa kabila la kubuni wenye vinyago na mikuki, na hapo picha iliyotumika ni ya vitabu vya wakoloni. Ningependa sana kuipenda gemu hii kikamilifu, kwa sababu kuna sehemu yake inayostahili.

Sehemu hiyo ni kucheza wawili. Ukiwa peke yako na Sheva anaongozwa na mashine, anakunywa dawa zako kama maji na hesabu inavurugika. Ukikaa na ndugu yako kwenye skrini moja, mambo yanageuka. Nani abebe majani? Nani apewe risasi za bunduki kubwa? Mfuko unabadilishwa huku maadui wanakuja, hausimami kukusubiri. Kelele tulizopigiana sebuleni zilikuwa za uhaba wa kweli. Ila mwishoni Chris anapiga jiwe kubwa kwa ngumi ndani ya volkeno mpaka linabiringika, na hapo ilikuwa wazi mfululizo unakwenda wapi.

Ulikwenda kwenye Resident Evil 6, mwaka 2012. Hadithi nne, mabara kadhaa, helikopta, magari, kila mhusika anaruka na kupiga mateke. Sina mengi ya kusema juu yake. Ina mfumo wa kupigana wenye utamu wake kwa wanaoujua, lakini ukiweza kumaliza korido nzima kwa miguu na ngumi, risasi inakuwa pambo.

Zaidi ya miaka minne baadaye, Januari 2017, walitupilia mbali karibu kila kitu. Resident Evil 7, chini ya uongozi wa Koshi Nakanishi, inaanza na Ethan Winters, mtu wa kawaida anayemtafuta mke wake aliyepotea kwa miaka mitatu, na inamfikisha kwenye nyumba ya familia ya Baker, Louisiana, kwenye ardhi yenye tope na majani yaliyooza. Ni nyumba moja, yenye familia moja ndani yake. Na kamera imeingia ndani ya kichwa: unaona kwa macho ya Ethan.

Wakati ule mashabiki wengi walilalamika kwamba hii si Resident Evil, inafanana na gemu za kukimbia na kujificha zilizokuwa zimejaa kipindi hicho. Mimi niliona kinyume chake. Kamera ya kona ya mwaka 1996 ilikuwa inakunyima kuona kilicho mbele. Macho ya Ethan yanakunyima kuona kilicho nyuma na pembeni. Kamera ya begani ndiyo iliyokuwa imetupatia zaidi ya haki yetu, sehemu ya mgongo wetu wenyewe ikiwa ndani ya picha. Sasa kugeuka kukawa uamuzi tena. Jack Baker anazunguka nyumbani kwake akikuita kwa sauti ya baba mwenye nyumba, ukimpiga risasi anaanguka, anaamka, na wewe umebaki na risasi pungufu. Ukichagua ugumu wa juu kabisa, Madhouse, kusevu kunahitaji kanda za kaseti, na kanda hizo ni chache. Utepe wa wino ulikuwa umerudi kwa sura nyingine. Hata jina walilishona: Japani iliitwa Biohazard 7: Resident Evil, kwingine kote Resident Evil 7: Biohazard. Mauzo yake yalianza taratibu, lakini miaka ilivyokwenda yalivuka nakala milioni 10.

Baada ya hapo walijua wanachokifanya. Resident Evil 2 ilitengenezwa upya Januari 2019 na ilifanya jambo nililodhani haliwezekani: ilichukua kamera ya begani na kuirudishia hofu ya kamera ya kona. Zombi anaweza kula risasi tano za kichwa na bado akanyanyuka, kwa hiyo unajifunza kupiga miguu na kupita. Mbao za kuziba madirisha ni chache, na madirisha ni mengi. Unalitazama lile la korido ya magharibi na lile la karibu na ofisi, unaamua lipi mikono itapita. Ukishapanga kila kitu, ukishajua njia zako, anatokea Mr. X. Ni jitu lenye kofia na koti refu, haliuawi, na kila hatua yake inasikika ghorofa nzima. Huoni alipo, unasikia kama anakaribia au anaondoka. Hesabu zako zote zilizotegemea muda wa kutulia zinavunjika, unaingia chumba ulichokuwa umepanga kukikwepa, unatumia risasi ulizokuwa umeziwekea kesho. Nikiulizwa na mtu ambaye hajawahi kugusa mfululizo huu aanzie wapi, namwambia aanzie hapa.

Resident Evil 3 iliyotengenezwa upya 2020 ilikuwa fupi na Nemesis wake alifungiwa kwenye matukio yaliyopangwa. Ilipoteza nafasi yake. Resident Evil Village ya 2021 watu wanaikumbuka kwa Lady Dimitrescu, bibi mwenye kasri, na urefu wake wa sentimita 290, ila mimi nakumbuka nyumba ya Beneviento. Unafika pale ukiwa umeshazoea kununua silaha na kuziboresha, kisha wanakunyang'anya zote. Unabaki na mwanasesere mezani, giza, na kitu kinacholia kama mtoto kikikufuata kwenye korido. Bila risasi hata moja, hesabu inabaki hatua na milango tu. Ni sehemu fupi, na imeizidi gemu nzima inayoizunguka. Resident Evil 4 mpya ya Machi 2023 imemruhusu Leon kutembea akilenga, jambo lililonitia wasiwasi mpaka nilipoona walivyolilipia: kisu sasa kinaweza kuzuia hata msumeno, lakini kinachakaa na kuvunjika, na kukitengeneza kunagharimu pesa ambazo ulitaka kuzitumia kwenye bunduki.

Resident Evil Requiem ilitangazwa Juni 2025 na kupangiwa tarehe 27 Februari 2026, Nakanishi akiwa mwongozaji tena. Mhusika wake ni Grace Ashcroft, mchambuzi wa FBI ambaye hakuandaliwa kwa mapambano, na kando yake wamemrudisha Leon, mzee sasa, mzoefu, mwenye silaha. Mchezaji anaweza kuchagua kuona kwa macho ya mhusika au kutoka nyuma yake. Kwangu mimi hizo ni nusu mbili za mfululizo zikiwekwa katika gemu moja, anayehesabu kila kitu na asiyehitaji kuhesabu. Sehemu za Leon sina shaka nazo. Capcom wanajua kutengeneza bunduki. Ninachokitaka ni Grace abaki maskini mpaka mwisho, asije akapewa bunduki kubwa saa ya nane ya mchezo kwa sababu tu mtu ofisini aliogopa tutachoka.